Mjadala: Bustani za Mombasa na majumba yake ya makumbusho yakodishwe kwa wawekezaji, au mlango ubaki mikononi mwa umma?

Mwanzisha mada, mwalimu mstaafu, Kibokoni

Asalaam aleikum, wakubwa kwa wadogo. Naleta suala ambalo barazani kwetu limezungumzwa tangu Ramadhani hata tukakaribia kuvunjiana heshima, na ningependa hapa lizungumzwe kwa hoja. Wako wenzetu wanaosema kwamba bustani za umma za mji huu, pamoja na majumba ya kale yanayohifadhi vitu vya historia, yakodishwe kwa wawekezaji kwa miaka mingi: wao wayatengeneze, waweke malango, watoze kiingilio, na umma upokee kodi yake. Wako wengine, nami nimo, wanaosema kwamba mlango wa mali ya umma hakabidhiwi mtu.

Nianze na Mapembeni. Kila mgeni hupigwa picha chini ya zile pembe kubwa za ndovu za bandia zinazokatiza Barabara ya Moi, ilhali hatua chache kutoka hapo iko Bustani ya Uhuru, yenye chemchemi iliyojengwa kwa umbo la bara la Afrika, ambayo wengi wetu tumeipita miaka na miaka tukikimbilia matatu bila kugeuza shingo. Pembe zilisimamishwa mwaka 1952, wakati barabara ikiitwa Kilindini, kwa ajili ya ziara ya Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, aliyekuwa apandie meli hapa Mombasa. Meli yenyewe, Gothic, ilikuwa ikimngoja bandarini. Hakufika. Tarehe 6 Februari baba yake alifariki, naye akiwa kule Nyeri, akarejeshwa kwao kwa ndege akiwa malkia. Mwaka 1956 alipokuja nduguye Margaret, pembe zikatengenezwa upya kwa alumini ili zidumu, na zimedumu.

Nimeyasimulia haya kwa sababu moja. Pembe ziliwekwa kwa ajili ya mgeni, na zinapakwa rangi kwa sababu mgeni anazipiga picha. Bustani ni ya mwenyeji, na mwenyeji hana wa kumsemea. Kwa hiyo ninapoambiwa kwamba dawa ya bustani iliyochakaa ni kumpa mtu anayejua biashara, swali langu ni kwamba biashara hiyo atamfanyia nani.

Mimi nimekulia kwenye mibuyu ya Mama Ngina. Jioni tulikaa juu ya ule mwamba wa matumbawe, mama amefungua mhogo wa kuchoma kwenye gazeti, ndimu na pilipili pembeni, nasi tukitazama meli zinavyoingia Kilindini kupitia mlango ule mwembamba. Baba alituuliza bendera ya kila meli ni ya nchi gani, na hivyo ndivyo nilivyosoma jiografia kabla ya kuingia darasani. Hakuna aliyetudai tiketi. Mahali hapo, ekari 26, palitengenezwa upya kwa fedha za umma, na sherehe za Mashujaa za Oktoba 2019 zikafanyiwa hapo, jambo linaloonyesha kwamba serikali ikitaka inaweza.

Na wenzetu wa Unguja wametuonyesha njia nyingine. Bustani ya Forodhani ilitengenezwa miaka ya 1930 kwa jubilii ya Sultani Khalifa bin Harub, ikaja ikachakaa vibaya, na mwaka 2009 ikafunguliwa upya baada ya kukarabatiwa kwa fedha za taasisi ya utamaduni ya Aga Khan. Ukienda leo jioni utakuta familia zimekaa kwenye majani, wauza urojo na mishikaki wamepanga meza zao, na vijana wanapiga mbizi baharini kutoka ukutani. Fedha zilitoka kwa tajiri, lakini lango halikuwekwa. Huo ndio msimamo wangu: tupokee fedha, tusitoe mlango. Anayeona vinginevyo na aseme.

Mchangiaji kutoka Nyali, mwongoza watalii

Mwalimu, shikamoo. Mimi niko upande ule wa pili, na nakushukuru kwa kutupa nafasi.

Umetaja Forodhani, lakini hukuvuka barabara. Ng'ambo ya bustani hiyo liko Beit el Ajaib, jumba alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883, la kwanza Zanzibar kuwa na umeme, na la kwanza Afrika Mashariki kuwa na lifti. Lilinusurika mizinga ya Waingereza ya Agosti 1896 ilipobomolewa kasri jirani. Likawa ofisi za serikali, kisha likawa makumbusho, na katika ukumbi wa chini ukawekwa mtepe uitwao Shungwaya, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, kama walivyounda mababu zetu wa pwani hii yote. Nilipolipeleka kundi langu la kwanza la wageni kuutazama, mzee mmoja wa Lamu aliyekuwa nasi alipitisha kidole kwenye mishono, tundu kwa tundu, akasema mkono wa babu yake anaujua. Mwaka 2012 jumba likafungwa kwa kuwa limekuwa hatari. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa ikaporomoka, wakati huo huo ambapo ukarabati ulikuwa umeanza, na watu wawili wakafariki. Jumba hilo halikukodishwa kwa mwekezaji yeyote. Lilikuwa mikononi mwa umma siku zote hizo.

Sasa tazama Bamburi. Kampuni ya saruji ilichimba mawe tangu miaka ya 1950 ikaacha jangwa la matumbawe ambalo halikuotesha hata magugu. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, akajaribu kupanda aina 26 za miti, zikashika tatu tu, na mmoja wake ni mvinje. Majani ya mvinje hayaozi upesi, basi akaleta majongoo wale wakubwa wa miguu myekundu, wakayatafuna, choo chao kikawa udongo. Ukiinama pale leo ukachota kiganja cha udongo mweusi, umeshika kazi ya jongoo. Mwaka 1984 mahali hapo pakafunguliwa kwa watu, na baada ya tsunami ya Desemba 2004 dunia nzima ikajua urafiki wa kiboko yatima Owen na kobe Mzee. Kuna lango, kuna kiingilio, na kuna miti. Nauliza kwa heshima, Mwalimu: bora lipi, bustani ya kulipia iliyo hai, au ya bure iliyokufa?

Mchangiaji kutoka Likoni

Mimi si mtu wa maneno mengi. Nina watoto watano. Bustani ya kulipia, hata kiingilio kikiwa kidogo, mimi nakizidisha mara saba, kwa kuwa tuko saba, kisha naongeza nauli na maji ya kunywa. Kijana wa Nyali amesema kweli tupu kuhusu Bamburi, ni pazuri, na mwanangu mkubwa alipelekwa na shule mara moja. Wanne waliobaki wanapajua kwa simulizi yake. Ninachowaonyesha bila kulipa ni meli, tukiwa ndani ya feri tunavuka, na siku za Idi uwanja wa Makadara, ambako angalau kiingilio ni miguu yao na kila mmoja anaamua mwenyewe sikukuu yake ataitumia kwenye bembea gani. Mtoto akikua hajakaa bustanini hata siku moja, mkimwita siku ya kuitetea hatakuja.

Mchangiaji kutoka Kuze

Mwalimu, wewe ni mwanangu kwa umri, nawe kijana wa Nyali ni mjukuu wangu, kwa hivyo mtanivumilia.

Mnazungumza umma na mwekezaji kana kwamba mmoja ni mwaminifu na mwingine si mwaminifu. Nitawaambia yaliyonifika. Nyumbani kwetu kulikuwa na kiti cha enzi, cha mpingo, kimetiwa nakshi za pembe, kiti na mgongo vimesukwa kwa kamba nyembamba za pamba, na kina kipago chake cha kuwekea miguu ambacho huchomolewa. Nyuma, upande wa kushoto juu, nyota moja ya pembe ilikuwa imeng'oka, na pale palipong'oka mama alikuwa akipaziba kwa nta kila mwaka kabla ya Maulidi. Bwana harusi wote wa ukoo wetu walikalia kiti hicho. Walikuja watu wa ofisi moja ya umma, siitaji, wakakiomba kwa maonyesho ya siku saba. Tuliwapa kwa moyo mkunjufu, tukawakunjia na mkeka wakifunike njiani. Hawakutupa karatasi. Siku saba zikawa mwezi, na mwezi ukawa miaka. Kila nikienda namkuta mtu mpya mezani, naye hana habari, na hakuna daftari la kumwonyesha. Mwisho niliambiwa huenda kiti hicho hakijapata kuwepo.

Kiti changu hakikuuzwa na tajiri wa kigeni. Kimepotelea mikononi mwa hao hao mnaowaita umma. Kwa hivyo mimi sijali sana mlango ushikwe na nani, mpaka nijue daftari limeshikwa na nani. Makumbusho hayaanzi kupotea siku paa linapoanguka, mwanangu. Yanaanza siku kitu kinapopokelewa bila kuandikwa.

Mchangiaji kutoka Majengo, baharia mstaafu

Bi mkubwa, pole sana. Maneno yako yamenikaa.

Namjibu kijana wa Nyali kwa jambo moja nililoliona kwa macho. Meli yetu ilipotia nanga Tilbury, mwenzangu mmoja alinipeleka London kusini, mahali paitwapo Vauxhall, tukakaa kwenye majani ya bustani ya kawaida, watu wanatembeza mbwa. Akaniambia hapo zamani palikuwa na bustani ya starehe iliyosifiwa Ulaya nzima. Nilipostaafu nikasoma habari zake. Ilidumu tangu karne ya 17 hadi mwaka 1859: taa kwa maelfu zinawashwa jioni kwa mkupuo mmoja, muziki, picha za kuchora zimetundikwa kwenye vibanda vya kulia chakula, hata watu wakipanda maputo. Kwa miaka mingi kiingilio kilikuwa shilingi moja. Kulikuwa na nyingine ng'ambo ya mto, Ranelagh, yenye ukumbi mkubwa wa duara, iliyofunguliwa mwaka 1742, ikafungwa mwaka 1803. Zote zilikuwa za wenye mali, zote zilijua biashara kuliko sisi, na biashara ilipopungua wenye mali walifanya kila mwenye mali afanyalo. Ardhi ya Vauxhall ikauzwa viwanja, zikajengwa nyumba. Ile bustani niliyoikalia mimi imerudi baadaye sana, baada ya nyumba kuvunjwa, na ilirudi kwa kuwa serikali ya mji iliitaka, na sasa haina kiingilio.

Ya Bamburi inaishi, Alhamdulillahi, na aliyeifanya alifanya kazi ya kusifiwa. Lakini pale palikuwa shimo la kampuni, ardhi yake mwenyewe. Sisi tunazungumzia ardhi yetu. Mwekezaji akichoka, yeye huhama. Je, sisi tutahamia wapi?

Mchangiaji kutoka Nyali

Ami yangu wa Majengo, nimekubali sehemu hiyo. Mkataba wa kukodisha ardhi ya katikati ya mji ni hatari kuliko nilivyofikiri, hasa katika mji ambao viwanja vya watu wote vimewahi kuota ukuta usiku mmoja. Lakini bado sijajibiwa. Fedha ya mfadhili huja mara moja, na watu hupiga makofi siku ya kukata utepe. Mwaka wa pili nani anafagia? Mwaka wa tano pampu ya chemchemi ikiungua, nani ananunua nyingine?

Mchangiaji, muuza mihogo, Mama Ngina

Ngoja nikujibu mimi, kaka yangu, kwa kuwa mwaka wa pili na wa tano sisi ndio tuko pale.

Mimi nauza mihogo na madafu, kama mama yangu kabla yangu. Kila siku nalipa ushuru, na risiti ninazo nimezifunga kwa mpira kwenye kopo la maziwa. Ukizijumlisha za wachuuzi wote wa mahali hapo ndipo utajua kwamba bustani haikosi fedha. Fedha inatoka bustanini, inaingia kwenye mfuko mkubwa, na hairudi. Jaa la maganda ya madafu likijaa tunachanga sisi kumlipa mwenye mkokoteni. Taa ya upande wangu ilipozimika tulikaa gizani mpaka wateja wenye watoto wakaacha kuja baada ya magharibi, na hapo ushuru ukawa ule ule.

Sitaki kuondolewa ili pawekwe mkahawa wa vioo, na sitaki pia kuachwa nikae katika uchafu kwa jina la umma. Ushuru unaokusanywa katika bustani utumike katika bustani hiyo, na hesabu ibandikwe pale langoni tuisome sote. Pampu ya chemchemi ya Mapembeni hainishindi akili: wauza kahawa na vinyago wa eneo lile wakiona shilingi yao inanunua pampu, wao wenyewe watamkamata atakayeiba nyaya.

Mwanzisha mada

Nimesoma yote, na nimebadilika kidogo. Ni haki niseme nimebadilika wapi.

Kwanza kijana wangu wa Nyali, marahaba, na ahsante kwa kunivusha barabara. Habari ya Beit el Ajaib inauma kwa kuwa ni ya kweli, na siwezi kuikwepa kwa kusema kwamba ni ya Unguja. Lakini nakuomba utazame Ngome yetu, Fort Jesus. Wareno waliijenga kuanzia mwaka 1593, Waomani wakaichukua mwaka 1698 baada ya mazingiwa ya karibu miaka mitatu, na Waingereza waliifanya gereza tangu 1895 hadi 1958, hata wazee wetu walipomwambia mtu kwamba atalala Ngomeni hawakuwa na maana ya matembezi. Gereza lilipohamishwa, jengo lingeweza kuachwa liote magugu. Fedha za kulitengeneza zilitoka kwa Wakfu wa Gulbenkian wa Ureno, mwanaakiolojia James Kirkman akasimamia uchimbaji na kuwa mhifadhi wake wa kwanza, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 likawa makumbusho. Wakfu ule haukuomba lango. Leo mtoto wa Mombasa anaweza kuona pale picha za meli walizochora walinzi wa Kireno ukutani kwa makaa na udongo mwekundu, na vyombo vilivyoopolewa na wapiga mbizi kutoka kwenye meli ya Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya ngome hiyo mwaka 1697 wakati wa mazingiwa yale. Mwaka 2011 UNESCO ikaiingiza Ngome katika orodha ya urithi wa dunia.

Naam, Ngomeni hulipwa kiingilio, na sikuanza mjadala nikiwa nimelikabili jambo hilo sawasawa. Ndugu yangu wa Likoni amenifanya nilitenganishe. Jumba lenye vitu vya kulindwa, lenye walinzi, paa na vioo, linaweza kutoza kiasi, mradi mwenyeji atozwe kidogo na mwanafunzi asizuiwe kwa kukosa. Bustani haiwezi. Jumba huendewa kwa nia, mtu huingia na kutoka. Bustani mtu huitumia kila siku, na anayeihitaji zaidi ndiye asiye na ua nyumbani kwake. Sisi wa Mji wa Kale tunalijua hili, ambao vyumba vyetu vinatazamana dirisha kwa dirisha na watoto hucheza kwenye vichochoro ambavyo pikipiki sasa zimevigeuza barabara.

Kwa hiyo msimamo wangu sasa ni huu. Bustani zisikodishwe wala zisitozwe kiingilio. Ufadhili upokelewe kwa masharti yaliyoandikwa, mfadhili akiandikwa jina lake ukutani akitaka, lakini asipewe ufunguo. Ushuru wa wachuuzi ubaki mahali ulipokusanywa, kama alivyosema binti yetu wa Mama Ngina, ambaye amelijibu swali la mwaka wa tano vizuri kuliko mimi. Barazani kwetu wako watakaosema ushuru wa bustani hautoshi. Labda hautoshi kwa Mama Ngina, yenye eneo lile lote; kwa Bustani ya Uhuru na kwa ile bustani ndogo ya Treasury Square, yenye sanamu ya Allidina Visram, yule mfanyabiashara wa Kihindi wa zamani, nina yakini kwamba pampu, mabomba na mfagiaji haviwezi kuushinda mji wenye bandari.

Limebaki la Bi mkubwa wa Kuze, na hili sikuwa nimelifikiria kabisa. Nilikuwa nagombania mlango, kumbe kilichokwisha kutoka mlangoni hatuna hata orodha yake. Katika mtaa wetu peke yake najua nyumba tatu zilizotoa makasha ya njumu na sahani za Kichina kwa maonyesho ya namna hiyo hiyo, na familia zikanyamaza kwa haya. Hatuhitaji ruhusa ya ofisi yoyote kuyaandika hayo. Tunahitaji daftari, kalamu, na mtu anayekumbuka nyota ipi ya pembe iling'oka na upande gani.

Shikamoo Bi mkubwa. Nitafika kwako kesho kutwa baada ya alasiri, pamoja na mwanangu wa Nyali akikubali kuja na simu yake ya kupigia picha. Kama iko picha yoyote ya harusi ambayo bwana harusi amekikalia kiti, naomba uitafute. Kitaandikwa cha kwanza.

Mchangiaji kutoka Nyali

Nitakuja, Mwalimu.

Mchangiaji kutoka Kuze

Picha iko, ya mwaka 1961, ya kaka yangu. Nyota haionekani, amekaa ameiegemea, lakini kipago kinaonekana chote. Njooni kabla ya adhana, niwapikie kahawa.